Mac ya zamani imekataa hadidiski: programu iliyochezewa, Lido au BlueSCSI?

Makole_Retro
Wakuu habari. Kuna mzee hapa Makole, Dodoma, kanipa Macintosh LC II, ile ya 1992, hadidiski imekufa. Nikaokota hadidiski nyingine, Quantum ProDrive ya SCSI (aina ya kiunganishi cha diski za Mac za zamani) pini 50, nimefunga, Apple HD SC Setup, programu ya Apple ya kufomati diski, inasema haijaona diski inayofaa. Nifanyeje?

FundiNkuhungu
Mkuu washa SCSIProbe kwanza, programu inayoonyesha diski zilizounganishwa. Kama humo haitokei basi angalia ID (namba ya diski kwenye waya wa SCSI) na teminata (kifunga mwisho wa waya huo), usisumbuke na programu. Ikitokea, ujue diski ni nzima, shida ni ubaguzi tu, HD SC Setup inatafuta alama ya Apple ndani ya femuwea (programu ya ndani) ya diski na yako haina. Dawa ni toleo 7.3.5 la HD SC Setup lililochezewa, watu walibadilisha baiti kidogo kwa ResEdit, programu ya kuhariri programu za Mac, basi inakubali diski yoyote. Flopi ya 1.44 andikia kwenye PC, LC II inaisoma, ungekuwa na Mac za flopi za 800K ungelia, PC haiziandiki hizo.

dada_wa_Kondoa
Mbona mnazunguka, kuna programu nyingine ya kufomati, Lido 7, haiulizi kabila la diski, inafomati tu.

FundiNkuhungu
Sawa dada ila kila programu ya kufomati inaandika draiva yake (kiprogramu cha kuiendesha diski) kwenye diski, na Mac inapowaka inasoma hiyo hiyo. Kesho akisahau akaja kuigusa na programu nyingine mambo yanavurugika. Mi nabaki na draiva ya Apple.

Singida_Bits
Wote mmesahau kitu, ProDrive zina vipira ndani vinageuka ulimbo, hedi (kichwa cha kusomea) inaganda, na joto letu hili na vumbi! Ufomati usifomati itakufa. BlueSCSI ni kibodi kinachokaa badala ya hadidiski, inatumia memori kadi, inajitambulisha kama Seagate ya zamani ambayo HD SC Setup inaijua, huchezei programu yoyote. Ubaya ni hela na kusubiri mzigo.

Makole_Retro
Mrejesho wakuu: SCSIProbe iliiona, nikatumia 7.3.5 iliyochezewa, ikafomati vizuri kabisa, nikaweka System 7.1, mzee kafurahi kaniletea zabibu. Jana asubuhi nawasha, tiki tiki, kimya. Nimeipiga kofi kidogo ikaamka. Singida_Bits shkamoo, BlueSCSI nimeshaagiza, ikifika Dar napakiziwa kwenye basi naipokea stendi ya Nanenane, ila hadi hapo mashine haizimwi.

dada_wa_Kondoa
Na umeme ukikatika je? 😂