Nalwa, Phula Singh au Sham Singh: nani alimtumikia Ranjit Singh vizuri zaidi?

Ngalawa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wapenda historia ya vita. Maharaja Ranjit Singh, mfalme wa Wasikh (Kalasinga), aliingia Lahore mwaka 1799 akiwa hajafikisha miaka 20, jicho moja likiwa limekwenda na ndui tangu utotoni. Alipofariki mwaka 1839, dola yake ya Punjab ilikuwa imefika mdomoni mwa Mlango wa Khyber, njia ya milimani ya kwenda Afghanistan. Kati ya majemadari wake wa Kisikh, watatu nawaona wanafaa kupimwa pamoja: Hari Singh Nalwa, Akali Phula Singh na Sham Singh Attariwala.

Kura yangu naipeleka kwa Nalwa. Alizaliwa Gujranwala mwaka 1791, akafiwa na baba mapema, akaingia utumishi wa Maharaja angali kijana. Jina la Nalwa inasimuliwa alilipata baada ya kumuua chui milia aliyemrukia mawindoni. Lakini sababu yangu si ushujaa, maana mashujaa walijaa jeshini. Nalwa aliweza kuishika nchi baada ya kuiteka. Mwaka 1820 alipewa Kashmir aitawale, kisha mwaka 1822 akapelekwa Hazara, milimani ambako mtangulizi wake, Amar Singh Majithia, alikuwa ameshauawa. Akajenga mji wa Haripur na kuuzungushia ukuta. Mji huo upo hadi leo, Pakistan, na bado una jina lake. Mwaka 1836 akasimamisha ngome ya Jamrud, pale pale njia inapoanza kupanda Khyber. Nani mwingine alimwachia mfalme wake kitu kama hicho?

Chuma cha Reli
Mkuu, nakupinga kwa heshima. Mimi ni Phula Singh. Huyu alikuwa mkuu wa Akal Takht, kiti cha mamlaka ya dini ya Kisikh kule Amritsar, na Maharaja hakuwa na ubavu wa kumnunua. Inasimuliwa alimwita Ranjit Singh mbele ya Akal Takht kwa ajili ya uhusiano wake na Moran, mchezaji ngoma, na mfalme akaja, akakiri kosa, akakubali adhabu ya viboko. Mtawala akizungukwa na wanaoitikia "ndiyo" tu, anapotea.

Halafu tazama vita ya Nowshera dhidi ya Waafghani na Wapashtuni, Machi 1823. Maharaja alitaka wasubiri mizinga. Phula Singh alikuwa ameshaomba dua ya kwenda vitani, akasema neno lililotolewa mbele ya Mungu halirudishwi, akawapandisha Manihang wake, wapiganaji wa dini wa Kisikh, kilimani walikokuwa Wapashtuni. Farasi wake akapigwa risasi, akapanda tembo, akauawa juu ya tembo yule. Azim Khan wa Kabul, kiongozi wa Waafghani, alikuwa ng'ambo ya mto na jeshi lake na hakuweza kuvuka kuwasaidia wenzake wa kilimani. Peshawar ikafunguka.

Mzee wa Changamwe
Vijana, mjadala mzuri. Sisi wa Mombasa Kalasinga tumewajua kwa reli na karakana, hivyo nafurahi kuona wanajadiliwa kwa historia ya kwao. Ila haki itendeke. Multan mwaka 1818 na Kashmir mwaka 1819, ushindi mkubwa kuliko yote ya dola ile, aliyeongoza ni Misr Diwan Chand, naye alikuwa Mhindu. Nalwa alikuwa chini yake. Mkiwapima Wasikh peke yao, mtadhani jeshi la Lahore lilikuwa la dini moja. Wapiga mizinga wake wengi walikuwa Waislamu, na kuanzia 1822 Allard na Ventura, maofisa waliopigana chini ya Napoleon, walifundisha vikosi kwa mtindo wa Ulaya.

Mama Nuru
Naunga mkono hoja ya Mzee. Lakini katika wale watatu, mimi namchukua Sham Singh. Kumtumikia mfalme aliye hai, anayegawa ardhi na zawadi, si mtihani mgumu. Ranjit Singh alipokufa, baraza la Lahore liligeuka machinjio, warithi wakiuana wao kwa wao. Mwaka 1846, Sobraon, kando ya mto Sutlej, Waingereza waliposhambulia, Tej Singh aliyekuwa kamanda alivuka mto akaondoka, na daraja la mashua likakatika nyuma ya askari. Sham Singh alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, amevaa nguo nyeupe tupu, ameshaapa kutorudi akiwa ameshindwa. Akabaki, akafa tarehe 10 Februari. Ranjit Singh hakuwepo tena wa kumlipa.

Ngalawa
Mama Nuru, umenigusa. Ila kuna jambo linalowaunganisha Sham Singh na Nalwa. Machi 1837 Nau Nihal Singh, mjukuu wa Maharaja, alimwoa Nanaki, binti wa Sham Singh. Harusi ilikuwa ya kutambia mbele ya wageni wa Kiingereza, na askari waliitwa kutoka mpakani kwenda kuipamba. Kabul wakaona mwanya. Dost Mohammad, mtawala wa Kabul, akatuma jeshi chini ya mwanawe Akbar Khan, nao wakaizingira Jamrud. Mahan Singh akashikilia ngome na watu wachache. Nalwa akatoka Peshawar, akawasukuma Waafghani nyuma, kisha tarehe 30 Aprili akajeruhiwa vibaya. Akabebwa hadi ndani ya ngome, na inasimuliwa aliagiza kifo chake kifichwe mpaka msaada ufike. Ngome haikutekwa.

Msomaji wa Ujiji
Na waliotawaliwa je? Kule mpakani kina mama wa Kipashtuni walikuwa wakiwanyamazisha watoto kwa kuwaambia Haria, yaani Hari Singh Nalwa, anakuja. Wanaomsifu Nalwa huitaja hadithi hiyo kwa fahari. Mimi naisoma kama ushahidi wa vijiji vilivyochomwa na kodi iliyokusanywa kwa upanga. Utawala wake Hazara ulikuwa mkali, na hilo lihesabiwe mnapompima.

Chuma cha Reli
Kweli kabisa. Na mfalme mwenyewe alimlipaje? Majemadari hawa walipewa ardhi, na mapato yake ndiyo yaliyolisha wapanda farasi wao. Nalwa alipokufa, wanawe wakagombania urithi, na Ranjit Singh akairudisha sehemu kubwa ya ardhi ile mikononi mwa dola.