Nimerudishiwa farasi mchanga aliyeharibiwa kwa vigwe virefu, na aliyemharibu anadai ni mkaidi

Ndugu zangu mnaofuga na kufundisha farasi wa kukokota,

Naandika nikiwa na hasira ambayo wiki 3 hazijaipoza. Nilimkabidhi mkufunzi mmoja, anayejinadi kuwa bingwa wa farasi wazito, dume wangu aliyehasiwa mwenye damu ya Percheron (aina ya farasi wazito wa kukokota) na umri wa miaka 3, ili amzoeze vigwe virefu, yaani kamba ndefu za kumwongozea farasi mtu akitembea nyuma yake, kabla hata hatujafikiria kumfunga kwenye mzigo. Tulipatana wiki 8. Nilimwondoa katika wiki ya 5, kwa sababu siku niliyokwenda kumtazama nilimkuta ana vidonda vibichi kwenye pembe zote mbili za mdomo, na nilipouliza kulikoni nikajibiwa bila haya kwamba farasi huyu ana mdomo mgumu, yaani haitikii akivutwa.

Farasi wa miaka 3 hana mdomo mgumu, ana mdomo unaouma. Meno yake ya mbele ya katikati hubadilika akiwa na miaka 2 na nusu hivi, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu, na katika kipindi hichohicho magego ya utotoni nayo hulegea na kung'oka. Wapo pia wanaoota kijino kidogo mbele kabisa ya magego, mahali palepale lijamu, yaani chuma cha mdomoni, inapogusa. Mtu anayelipwa kwa kazi hii alipaswa kumfungua kinywa au kumwita daktari wa mifugo kabla ya kumtia chuma mdomoni. Nilimwita mimi, akakuta magego mawili ya utotoni yananing'inia na ufizi umevimba pande zote mbili. Kwa hiyo mnyama alikuwa akivutwa chuma juu ya jino linalong'oka, akirusha kichwa kwa maumivu, kisha akivutwa zaidi kwa kosa la kurusha kichwa.

Wala lijamu haikuhitajika. Kazi hii huweza kuanza kwa hatamu isiyo na lijamu, yenye pete kila upande, vigwe viwili vya mita 7 au 8 vikipita kwenye pete za mshipi uliofungwa kifuani na kuja mikononi mwa mtu anayetembea nyuma. Farasi hufunzwa kwamba kigwe kikikazwa kidogo upande mmoja ageukie huko, na akigeuka tu, hata kwa nusu hatua, kigwe kilegezwe papo hapo, kwa maana kule kulegezwa ndiko kunakomfahamisha kwamba amejibu sawa. Asiyejua kulegeza anamfundisha farasi kuvutana, na mnyama wa kilo 740 akishajifunza kuvutana na binadamu hana sababu ya kushindwa.

Kilichoniuma kuliko vidonda ni habari niliyopewa na kijana anayesafisha mabanda, kwamba vigwe vilifungwa siku ya kwanza kabisa bila maandalizi yoyote. Hakuna aliyempitisha kamba laini mgongoni, mapajani na kwenye vifundo vya miguu ya nyuma huku mwenzake amesimama kichwani akimtuliza. Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, na ni mnyama aliyeumbwa kukimbia kinachomgusa miguu asichokiona. Kigwe kilipomgusa kifundo alishtuka, kikateleza kikaingia chini ya mkia, akaubana mkia, na kadiri alivyoubana ndivyo kigwe kilivyozidi kumkereketa, akatimua mbio. Hapo palitakiwa kulegeza mikono na kumtuliza kwa sauti. Badala yake watu wawili walining'inia kwenye vigwe hadi akasimama akitetemeka, na kesho yake wakarudia mambo yaleyale ili, kwa maneno yao, "azoee". Alichokizoea ni kuogopa.

Halafu walimzungusha. Dakika 45 kila siku, kwa mwendo wa matiti, yaani mbio za polepole, kwenye duara dogo, eti apunguze nguvu. Mwili mkubwa huwadanganya watu. Wanamwona ana kimo cha sentimita 168 begani na kifua kipana kama mlango, wanasahau kwamba ni mtoto. Mifupa ya farasi haikomai yote kwa wakati mmoja. Ile ya uti wa mgongo ndiyo ya mwisho, na huenda ikafika miaka 5 na nusu au 6 kabla haijafunga. Uzito ule wote ukigeuzwa kwenye duara finyu unaelemea viungo vya miguu ambavyo bado vinakua. Farasi mzito mchanga hutembezwa kwa hatua za kawaida, kwenye mistari iliyonyooka na mapindo mapana, dakika 15 au 20 zinatosha, na anayemwongoza hukaa kando kidogo ya nyuma, mbali na teke, mahali ambapo jicho moja linaweza kumwona.

Nilipolalamika niliambiwa mimi ni mpole kupita kiasi na kwamba farasi wa mzigo hufunzwa kwa nguvu. Nakataa. Farasi wa mzigo ndiye hasa anayehitaji vigwe vyepesi, kwa sababu siku moja nitakuwa mita kadhaa nyuma yake, kati yetu kukiwa na gogo au jembe, na kitakachomsimamisha ni sauti yangu na uzito wa vidole, si misuli. Neno la kusimama linapaswa kuwa moja, litamkwe vilevile kila siku, na likitamkwa liheshimiwe na pande zote mbili. Huyu wangu amerudi hajui neno hata moja. Ukitamka lolote kwa sauti ya kawaida anasogea mbele kwa woga.

Fedha sijarudishiwa, na nimeambiwa sitarudishiwa kwa sababu "kazi ilifanyika". Nakubali kwamba kuna kazi iliyofanyika, kwani naifumua kila asubuhi. Magego yameshatolewa, vidonda vimefunga, na lijamu haitamrudia mdomoni hadi daktari aseme. Kwa sasa namshikisha mtu kichwa, nami nasimama ubavuni, kiganja kimoja juu ya paja lake, nikiiteremsha kamba ya pamba polepole kuelekea kifundo. Siku za mwanzo alikuwa akiubana mkia na kuzuia pumzi hata kabla kamba haijafika gotini. Juzi, kwa mara ya kwanza, kamba ilikaa kwenye kifundo cha kushoto nikahesabu hadi 10, sikio lake moja likiwa limenigeukia, kisha akapumua kwa nguvu puani na kuinamisha kichwa. Niliiondoa hapohapo, nikamrudisha malishoni. Upande wa kulia bado haniruhusu, na ndiko kigwe kilikoingia chini ya mkia.

Aliyewahi kumrudisha farasi mzito aliyeogopeshwa hivi naomba anieleze kwa kina: uliutibu vipi upande ule mbaya, na ulisubiri muda gani kabla ya kurudi nyuma yake na vigwe viwili?