Kuelewa Texas Medical Center: hospitali nyingi, bili nyingi (Houston)

Kutoka: mwanachama, Alief

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Naomba ufafanuzi kutoka kwa wenyeji wa Houston. Mume wangu alipewa rufaa ya kumwona daktari wa moyo, tukaambiwa tu kwamba twende Medical Center. Tulipofika tulikuta mji ndani ya mji, wenye barabara zake, treni yake na majengo ya ghorofa yenye majina tofauti, na ilituchukua muda mrefu kulipata jengo lililoandikwa kwenye barua. Daktari alimhudumia vizuri. Baada ya wiki chache, hata hivyo, zilikuja bili mbili za siku ileile, moja kutoka hospitali na nyingine kutoka chuo cha udaktari ambacho hatukumbuki kuingia. Kisha alipotumwa kupima kitu kingine jengo la jirani, karani alisema kwamba vipimo vya kwanza havionekani kwake. Je, hii si hospitali moja? Eneo lile ni la nani, na kwa nini limejengwa namna hiyo? Mume wangu ataendelea kutibiwa huko, na tungependa kujua tunashughulika na nani.

Natanguliza shukrani.

---

Kutoka: mwanachama, kusini-magharibi mwa Houston

Dada, pole kwa kuuguza, na umfikishie shemeji salamu zetu.

Ile si hospitali moja na haijapata kuwa moja. Texas Medical Center ni shirika lisilo la faida linaloshughulika na ardhi, barabara za ndani na maegesho. Juu ya ardhi hiyo zimejengwa taasisi zaidi ya 60, na kila taasisi ina bodi yake, waajiriwa wake, hazina yake na ofisi yake ya bili. Waliowahi kwenda Upanga, Dar es Salaam, wakaikuta Taasisi ya Mifupa (MOI) na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zikiwa ndani ya eneo la Muhimbili lakini kila moja na uongozi wake, wameshaona mfano mdogo wa jambo hili. Ila kule zote ni za serikali moja, ilhali hapa wenye majengo ni makanisa, serikali ya jimbo, kaunti, serikali kuu na mifuko ya wafadhili, na ukitaka kujua walikutanaje mahali pamoja ni lazima urudi nyuma miaka mia moja.

George Hermann alikuwa mzaliwa wa Houston aliyetajirika kwa mbao, ardhi na mafuta. Alifariki mwaka 1914 bila mke wala mtoto, akaacha sehemu kubwa ya mali yake ijengewe hospitali ya watu wasio na uwezo. Hospitali ya Hermann ilifunguliwa mwaka 1925 kando ya bustani inayoitwa kwa jina lake, mahali ambapo wakati huo palikuwa na miti mingi kuliko nyumba, na jengo lile la kwanza bado limesimama ndani ya Memorial Hermann ya leo.

Fedha zilizoleta majengo mengine zilitoka kwenye pamba. Monroe Dunaway Anderson alikuwa mmoja wa wenye kampuni ya Anderson, Clayton, iliyokuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa pamba duniani. Yeye pia hakuoa. Mwaka 1936 alianzisha mfuko wa hisani, na alipofariki mwaka 1939 mfuko huo ukapokea takriban dola milioni 19. Hati ya mfuko haikuwafunga wadhamini kwenye mradi mmoja, hivyo uamuzi wa kuwekeza katika tiba ulikuwa wao. Mwaka 1941 bunge la Texas lilitenga dola 500,000 kwa ajili ya hospitali ya saratani ya jimbo. Wadhamini wakajitolea kuongeza kiasi kama hicho na kutoa mahali pa kuanzia, kwa sharti kwamba hospitali ijengwe Houston na ipewe jina la Anderson. Ndiyo hiyo MD Anderson, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1944 katika nyumba ya zamani ya familia ya Kapteni James A. Baker, na hadi leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Texas, yaani mali ya jimbo.

Hatua iliyoamua sura ya eneo zima ilifuata mwaka 1943, pale wapiga kura wa Houston waliporidhia jiji liuuzie mfuko ekari 134 zilizopakana na Hospitali ya Hermann. Mwaka huohuo chuo cha udaktari cha Baylor kilishawishiwa kuhama Dallas, kikaanza kufundisha Houston katika ghala la zamani la maduka ya Sears. Mwaka 1945 shirika la Texas Medical Center likasajiliwa, na rais wake wa kwanza akawa Dk. Ernst Bertner. Wadhamini wangeweza kujenga hospitali moja kubwa wakaiweka chini ya mkurugenzi mmoja. Walichagua kugawa viwanja: taasisi inayokubali kufanya kazi ya tiba, elimu au utafiti bila kutafuta faida hupewa mahali pa kujenga, kisha inajitegemea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya ukuaji wake, na ndiyo pia asili ya usumbufu wote ulioueleza.

Majengo yalifuatana upesi. Baylor ilihamia kwenye jengo lake mwaka 1947. Hospitali ya Methodist, ya Wamethodisti, ilifika mwaka 1951. Mwaka 1954 zilifunguliwa St. Luke's ya Kanisa la Episkopali, hospitali ya watoto ya Texas Children's, na jengo la kudumu la MD Anderson lililovikwa marumaru ya rangi ya waridi. Serikali kuu nayo ilikuwa jirani, kwa hospitali ya jeshi la majini iliyofunguliwa mwaka 1946 na kukabidhiwa idara ya askari wastaafu mwaka 1949. Fedha za mafuta zilichangia sana: mwaka 1945 Hugh Roy Cullen na mkewe Lillie walizipa hospitali kadhaa za jiji zaidi ya dola milioni moja kila moja.

Sasa nije kwenye bili zako mbili. Baylor ilikuja Houston ikiwa na walimu na wanafunzi lakini haina hospitali, kwa hiyo madaktari wake walifundisha na kutibu katika wodi za wengine. Chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Texas kilipoanzishwa Houston karibu na mwaka 1970, nacho kilifanya vivyo hivyo kwa kushirikiana na Hermann. Mpaka leo ni kawaida daktari kuwa mwajiriwa wa chuo huku chumba, mashine na wauguzi vikiwa vya hospitali. Hospitali inadai gharama ya mahali na vifaa, chuo kinadai ujira wa daktari, na hakuna mmoja anayekokotoa kwa niaba ya mwenzake. Kwa hiyo bili mbili za siku moja si lazima ziwe makosa. Linganisheni tarehe na huduma zilizotajwa, kisha ombeni mchanganuo wa kila kipengele kabla ya kulipa. Zaidi ya hayo, sheria ya shirikisho iliyoanza kutumika Januari 2022 inawazuia madaktari wa aina kadhaa, kama wa usingizi na wa eksirei, kukudai tofauti ya malipo kwa kuwa tu hawamo katika mtandao wa bima yako, yaani orodha ya watoa huduma wenye mkataba nayo, ikiwa hospitali yenyewe imo.

Mfumo huu wa kila mtu na mlango wake uliwahi kuzaa hata ugomvi ulioingia katika historia ya tiba, na kwa kuwa shemeji anatibiwa moyo nadhani atapenda kuujua. Michael DeBakey, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni, alijiunga na Baylor mwaka 1948. Denton Cooley alifanya kazi naye, kisha akahamishia upasuaji wake St. Luke's na mwaka 1962 akaanzisha Taasisi ya Moyo ya Texas. Mwezi Mei 1968 Cooley alipandikiza moyo kwa mafanikio, na Aprili 1969 akawa wa kwanza duniani kumwekea mgonjwa moyo wote wa bandia. DeBakey alidai kwamba kifaa kile kilitokana na kazi ya maabara yake na kilitumika bila idhini yake. Mabingwa hao wawili, waliofanya kazi umbali wa kutembea kwa miguu, hawakupatana hadi mwaka 2007, mwaka mmoja kabla ya DeBakey kufariki.

Kuhusu vipimo kutoonekana: taasisi nyingi hutumia MyChart, programu ya mtandaoni ambayo mgonjwa huona majibu na miadi yake, lakini kila moja ina akaunti yake. Fungueni akaunti katika kila taasisi mnayotibiwa, muziunganishe, na mfike kwenye miadi mpya na nakala ya majibu mkononi. Jambo hilohilo linawahusu wanaotafuta kazi: maombi hupelekwa kwa kila taasisi peke yake.

---

Kutoka: mwanachama, Third Ward

Nimshukuru kaka aliyetangulia kwa maelezo yake, ila naomba kuongeza upande alioupita, kwa sababu unatugusa sisi moja kwa moja.

Wakati Hospitali ya Hermann inafunguliwa, Houston ilikuwa imetenganisha watu kwa rangi. Madaktari Weusi hawakuruhusiwa kulaza wagonjwa wao katika hospitali za Wazungu, na ndiyo sababu Houston Negro Hospital ilizinduliwa hapa Third Ward mwaka 1926, kwa fedha za Joseph Cullinan, mfanyabiashara wa mafuta, juu ya ardhi iliyotolewa na jiji. Utengano ulivunjika hospitalini katika miaka ya 1960, na pesa zilisaidia kuuvunja: Medicare, bima ya afya ya serikali kuu kwa wazee, ilipoanza kulipa mwaka 1966, hospitali iliyotaka malipo hayo ililazimika kuacha kubagua.

Maskini nao walikuwa na mahali pao. Hospitali ya Ben Taub ilifunguliwa ndani ya eneo hilo mwaka 1963 kuchukua nafasi ya hospitali ya umma iliyokuwa imechakaa na kukosa wafanyakazi. Kuigharimia ilikuwa kazi nyingine. Wapiga kura walikataa zaidi ya mara moja kuunda mamlaka ya hospitali yenye kodi yake, hadi walipokubali mwaka 1965. Mamlaka hiyo sasa inaitwa Harris Health, na kwa kuwa inaendeshwa kwa kodi ya majengo ya Kaunti ya Harris, mpango wake wa msaada wa malipo, ambao wengi bado wanauita Gold Card, ni wa wakazi wa kaunti hiyo. Hali ya uhamiaji si kizuizi; kinachotakiwa ni uthibitisho wa utambulisho, makazi na kipato. Anayeishi Sugar Land yuko Kaunti ya Fort Bend, na Pearland sehemu kubwa iko Brazoria. Katy imegawanyika kati ya kaunti tatu, kwa hiyo majirani wawili wa Katy wanaweza kupewa majibu tofauti. Tazameni kaunti iliyo kwenye hati ya nyumba au mkataba wa kodi kabla ya kupanga foleni.

Mwenye bili kutoka hospitali binafsi isiyo ya faida naye asikate tamaa. Hospitali hizo zinalazimika kisheria kuwa na utaratibu wa msaada wa malipo, na maombi hupokelewa hadi siku 240 tangu bili ya kwanza. Na tafadhali msiwafanye watoto wakalimani: hospitali inapaswa kuwapa mkalimani wa Kiswahili bila malipo, hata kama ni kwa simu. Mwombe siku mnapoweka miadi.

---

Kutoka: mwanachama, msaidizi wa wauguzi

Nami niongeze kuhusu maji, maana wageni hushangaa kuona milango mizito ya chuma, kama ya manowari, chini ya majengo ya hospitali.

Eneo lote liko karibu na mkondo wa Brays Bayou, na vyumba vya chini vya majengo mengi viliunganishwa kwa njia za chini ya ardhi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2001 mvua za dhoruba Allison ziliingiza maji humo. Baadhi ya jenereta za dharura zilikuwa zimewekwa juu, lakini swichi zake zilikuwa chini, kwa hiyo maji yalipofika kwenye swichi umeme ulikatika wote. Memorial Hermann ililazimika kuwahamisha wagonjwa wake. Walibebwa kwa ngazi gizani, na wasioweza kupumua wenyewe walipumuliwa kwa kufinya mfuko wa hewa kwa mkono, ghorofa baada ya ghorofa. Vyuo vilipoteza wanyama wa maabara kwa maelfu pamoja na utafiti wa miaka mingi, na hasara ya eneo zima ilipita dola bilioni moja. Baada ya hapo ndipo milango hiyo ilipowekwa, mitambo ya umeme ikapandishwa juu, na kituo cha kuzalisha umeme na ubaridi cha eneo hilo kikapanuliwa kwa megawati 48. Kimbunga Harvey kilipokuja Agosti 2017, hospitali nyingi ziliendelea kufanya kazi, ingawa barabara za kuzifikia zilikuwa mito.

Kwa dada wa Alief: barabara zikiwa kavu, acheni gari mbali na mpande treni ya Red Line, iliyoanza Januari 2004, kwa sababu maegesho ya ndani ni ghali. Kituo cha Memorial Hermann kiko upande wa kaskazini, Dryden kiko katikati, na Transit Center ndipo mabasi mengi yanapokutana na treni. Mnapopiga simu kuthibitisha miadi, ulizeni mambo manne: jina la taasisi, jina la jengo, ghorofa, na gereji iliyo karibu. Jina la daktari peke yake halitoshi, kwa kuwa wengi wao wana kliniki katika majengo mawili au matatu, na siku ya Jumanne huenda hayupo mlipomkuta Jumatatu.