Tairi za inchi 35 kwenye pikapu ya manuali: nibadili klachi au gia za difu?

Pikapu_Juu:
Wakuu habari zenu. Nina pikapu ya dizeli manuali gia tano, difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma, ni 4.10 (yaani shafti inazunguka mara 4.10 ili tairi izunguke mara moja), ilikuja na tairi za inchi 29. Nikainyanyua nikafunga tairi za inchi 35 zile za matope, na kwa kupita kwenye madimbwi na mawe nimeridhika kabisa, ila tangu hapo klachi imekuwa ugonjwa. Gia ya kwanza siku hizi ni kama naondokea ya pili, lazima nikanyage mafuta huku nimeshikilia klachi nusu, na ya tano nimeshaisahau maana nikiiweka tu kakilima kadogo gari inaishiwa pumzi narudi ya nne. Juzi nilikuwa narudi rivasi kwenye mwinuko wa mawe, umbali kama wa hatua kumi tu, nikasikia harufu ya kuungua mpaka ndani ya gari na moshi unatokea chini ya giaboksi. Tumeshusha, klachi pleti imeisha mpaka kwenye ribiti, flaiwili (lile gurudumu la chuma la injini ambalo klachi inashika) ina madoa ya bluu na vinyufa vidogo vidogo. Fundi anasema tufunge klachi nzito ya seramiki na tatizo litakuwa limeisha. Nifuate ushauri wake au kuna kitu kingine? Sitaki kushusha giaboksi tena baada ya miezi mitatu.

Meno39:
Pole mkuu. Klachi yako haina kosa, umeibebesha kazi ambayo ni ya gia.

Hesabu yake ni hii, 35 gawa kwa 29 unapata 1.207, maana yake kila gia uliyonayo imekuwa ndefu kwa karibu asilimia 21, gari inasogea mbali zaidi kwa kila mzunguko wa injini. Difu yako imeandikwa 4.10 lakini kwa tairi hizo inafanya kazi kama 3.40. Ukitaka gari irudi ilivyokuwa unachukua 4.10 mara 1.207 unapata 4.95, kwa hiyo gia ya dukani iliyo karibu ni 4.88. Kama uwiano wa gia yako ya tano ni 0.85, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa injini ilikuwa inazunguka kama mara 2500 kwa dakika, sasa hivi inazunguka kama 2080, ndo maana inakufa kwenye kilima, iko chini ya pale inapovuta vizuri. Na kumbuka spidomita ikisema 100 wewe uko 120, kuwa makini na hilo.

Sasa kwa nini klachi inaungua. Injini haijaongezeka nguvu, kwa hiyo klachi ya kawaida ikishaachiwa yote inashika bila shida. Inapokufia ni pale katikati, pale inapoteleza wakati gari bado haijaanza kutembea, na joto la pale linapanda kwa mraba wa ule uwiano, 1.207 mara 1.207 ni karibu 1.46, yaani kuondoka kulekule kwa mizunguko ileile klachi inameza joto karibu asilimia 46 zaidi, hapo sijaweka uzito wa tairi lenyewe. Rivasi kwenye mwinuko ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu unaenda taratibu sana huku gari nzima inataka kurudi chini, kwa hiyo unaishia kuishikilia kwa klachi.

Anza na gia za difu, mbele na nyuma, namba moja. Klachi funga baada ya hapo.

TopeKiunoni:
Naongezea kwa sababu mimi nilipita njia hiyo ya seramiki na sitaki mwenzangu apite. Niliacha difu zilivyokuwa nikafunga klachi ya seramiki na presha pleti (ile inayokandamiza klachi pleti) ngumu. Kweli haikuungua. Lakini ile klachi haina kati, ama imeachia ama imeng'ata, na kwenye mawe unahitaji hiyo kati zaidi ya kitu chochote, unataka tairi lisogee kidogo lipande jiwe polepole. Yangu ilikuwa inatetemeka gari nzima halafu inaruka. Siku moja usukani umekatwa mwisho, tairi la mbele limebanwa kati ya mawe mawili, nikaachia klachi, nikasikia kishindo kimoja tu na sivi joint (kiungio cha shafti ya tairi la mbele) imepasuka vipande. Klachi ya kawaida ingeteleza pale ikaokoa shafti. Chukua pleti ya kawaida ya oganiki, kama unabeba mizigo basi presha pleti yenye mkandamizo kidogo zaidi ya ile ya kiwandani, inatosha.

Pikapu_Juu:
Asanteni sana. Sasa mbona nikipima tairi lenyewe sipati 35? Nimechora mstari wa chaki kwenye tairi na chini, nikasukuma gari mpaka mstari ukarudi chini, nimepata mita 2.70. Tairi la inchi 35 lilitakiwa litoe 2.79. Nikilinganisha na 29, ambayo ni mita 2.31, nakuja na 1.17, difu inakuwa 4.79. Si ina maana hata 4.56 ingenifaa?

Meno39:
Hapana mkuu, hapo umelinganisha tairi la kupima na tairi la kwenye karatasi. Tairi likibebeshwa gari linakaa, kwa hiyo hata lile la 29 halitoi 2.31. Kama bado unazo za zamani funga moja, sukuma vilevile kwa chaki, upepo uleule wa kawaida, ndo ulinganishe.

Pikapu_Juu:
Nimefunga la zamani, nimepata mita 2.25.

Meno39:
Basi 2.70 gawa 2.25 ni 1.2 kamili, mara 4.10 ni 4.92. Umerudi kwenye 4.88. Ya 4.56 ingekuacha katikati na ungekuwa umelipia kufungua difu mbili kwa nusu ya faida. Kuna na ya 5.29, kama gari ni ya porini tu na mizigo mizito inafikirika, ila pinioni yake (gia ndogo inayozungusha gia kubwa ndani ya difu) ni ndogo, ina meno 7 kwa 37 ya gia kubwa, ya 4.88 ina 8 kwa 39, na kadiri pinioni inavyopungua ndivyo inavyokuwa dhaifu kwa tairi kubwa.

GiaNdogo_L4:
Swali langu kwa mleta mada, hiyo rivasi ulikuwa umeweka L4 (fowili, yaani tairi zote nne zinavuta, kwa gia nzito)? Naona wengi wanapanda mawe na H4 (fowili ya gia ya kawaida) kisa barabara ni fupi. L4 haikugharimu kitu na ingekuokoa siku ile, hata kwa gia za zamani. Watu wengine wanaweka gia fupi zaidi kwenye transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), na kwa kutambaa ni nzuri sana, ila kwenye pikapu nyingi zinasaidia ukiwa kwenye L4 peke yake, ya tano barabarani itabaki imekufa vilevile. Vile visuzuki vya zamani ndo tofauti, transfa yake inapunguza hata kwenye H, kwa hiyo wao wakibadili gia za transfa wanamaliza mambo yote mawili.

Kabla hamjarudisha giaboksi angalieni sili ya nyuma ya krenki. Kama klachi pleti ilikuwa na oili, hata mfunge difu gani itateleza tena. Na pedali iwe na uchezaji kidogo juu, isipokuwa nao presha pleti haikandamizi yote.

Pikapu_Juu:
Nilikuwa H4, nakubali. Sili ni kavu. Basi nafunga 4.88 mbele na nyuma, klachi ya oganiki, na flaiwili?

TopeKiunoni:
Ikiwa na vinyufa usiichonge, badilisha. Ikipasuka kwenye mizunguko iko karibu na miguu yako. Na ukimaliza usikimbilie porini. Difu mpya endesha taratibu kama nusu saa halafu iache ipoe, rudia mara kadhaa, usivute mzigo, kwenye kilomita 800 hivi mwaga oili weka nyingine. Klachi nayo inataka hizohizo kilomita za kuondoka na kusimama kawaida. Usiwashe fowili mpaka difu zote mbili ziwe zimefungwa gia mpya, ya mbele ikiwa 4.10 na nyuma 4.88 zitavutana zivunje transfa. Halafu jaribu breki kwenye mteremko kabla ya safari, mguu uleule sasa unapata nguvu ndogo chini kwa karibu asilimia 17, na difu haisaidii kitu hapo.