Siku moja Mabamba na Lutembe na mzee wa pwani, itatosha?

mkwe_wa_tanga

Habari za jioni wapendwa. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya ndege, wa manyoya sio wa uwanja wa Entebbe 😀

Baba mkwe wangu anakuja Kampala mwisho wa mwezi wa kwanza, anatoka Tanga, mstaafu, na tangu astaafu kazi yake ni kukaa ufukweni na darubini na kidaftari anaandika. Membe, shakwe, sululu, vitwitwi, hao anawajua kuliko majina ya wajukuu wake (msimwambie nimesema). Sasa ameshika bango, anataka kumwona bulwe, yule korongo domo-kiatu, na amesikia pia kuna sehemu inaitwa Lutembe ina ndege wa ufukweni wengi. Mume wangu anapata nafasi Jumamosi moja tu, hatuna gari, na mzee magoti yanamsumbua, kukaa sawa ila kupanda na kushuka ndio kazi. Nauliza, Mabamba (kile kinamasi cha bulwe) na Lutembe kwa siku moja inawezekana au tuchague? Na njia ipi isiyotuua, tunatokea Ntinda. Na je bulwe ni lazima aonekane au mtu anaweza kulipa akarudi na picha za majani? Asanteni.

kitooro_boy

Dada inawezekana, ila mkitoka Ntinda asubuhi hiyohiyo mshachelewa. Laleni Entebbe Ijumaa, kuna geshti za bei ya kawaida Kitooro. Saa kumi na mbili na nusu muwe Nakiwogo, pale Entebbe boti zinapotokea. Pale mna njia mbili, moja ni kivuko mpaka Buwaya halafu boda mpaka Mabamba, mbili ni kukodi boti ya injini iwapeleke moja kwa moja mpaka kwenye kinamasi. Kwa magoti ya mzee nasema boti, ya boda ni rahisi kweli lakini barabara ile ya vumbi na mashimo huyo mzee atafika mgongo umekufa. Bei patana kabla hujakanyaga boti, na uliza kama ni kwenda na kurudi, wengine wakishakushusha wanaanza hadithi nyingine.

Kuna watu watakuambia pitia barabara ya Masaka uingie Kasanje. Hiyo ni nzuri ukiwa na gari lako. Kwa takisi utasubiri ijae, uanze kutafuta boda, na jua limeshapanda.

Mabamba sio mbuga ya serikali, wanaoendesha ni wanakijiji wenyewe, mnalipa pale pale na mnapewa mtumbwi na mwongozaji. Msikatae mwongozaji hata kama mzee anajua ndege wote wa dunia. Hao vijana asubuhi wanapigiana simu, aliyemwona bulwe anawaambia wenzake yuko mfereji gani, bila hivo mtazunguka kwenye mafunjo mpaka mchoke.

nnalongo_kasanje

Karibu nnyabo. Mimi nimezaliwa huku kwetu karibu na hiyo bwawa, niseme kidogo kuhusu bulwe mwenyewe maana watu wanakuja na haraka wanafikiri ni kama kuona twiga.

Lazima aonekane? Hapana. Ila asubuhi nafasi ni kubwa, na sababu ni chakula chake. Anakula sana kamongo. Maji ya ndani ya mafunjo hayana hewa ya kutosha, kwahiyo kamongo lazima apande juu mara kwa mara kuvuta pumzi, na bulwe anajua hiyo. Anasimama kando ya mfereji hatikisiki, nusu saa, lisaa, unaweza kudhani ni sanamu limesahauliwa na wazungu, na ni mkubwa kweli, urefu unapita mita moja. Alafu kamongo akitoa pua tu bulwe anajiangusha mwili mzima, mdomo mbele, mabawa wazi, anainuka na samaki pamoja na rundo la majani, anatikisa kichwa majani yatoke. Ukiona hiyo hata mara moja huwezi kusahau. Wengi hawaoni kwa sababu wakishapata picha wanasema twende. Mwambie mzee akae, yeye wa kukaa ufukweni atamwelewa huyo ndege kuliko vijana.

Zamani wavuvi wa huku walikuwa hawampendi kabisa, ukikutana naye asubuhi ilikuwa inasemwa leo hupati samaki, wengine walikuwa wanamuua. Sa hivi wavuvi haohao na watoto wao ndio wanaopeleka wageni. Mimi ni wa ukoo wa Mmamba, yaani kamongo kwa Kiganda, huyo samaki kwetu ni mwiko hatumli, kwahiyo bulwe akimla mimi namwangalia tu bambi, yeye hana ukoo 😂

Kitu kimoja naomba. Msimwambie kijana asogeze mtumbwi zaidi na zaidi. Kuna wageni wanaongeza hela ili wasogezwe, ndege anaruka, anapoteza windo lake la asubuhi, na wageni wa nyuma yenu hawaoni kitu. Wamebaki wachache, makadirio ya dunia nzima ni kati ya 5,000 na 8,000, anaweza kutaga mayai mawili lakini mara nyingi kifaranga kimoja ndio kinakua.

kalooli256

Mnaenda kulipa boti kuangalia ndege na Kampala tuna kalooli bure juu ya kila pipa la takataka 😂😂

nnalongo_kasanje

@kalooli256 na hao wahesabu pia, nao ni korongo.

mpenda_membe

Mimi naingia upande wa Lutembe kwa sababu naona hapo ndipo huyo mzee atafurahi zaidi, hata kama yeye hajui bado.

Kwanza mwezi umechagua vizuri, mwisho wa Januari mvua zimepungua na wageni wa kutoka kaskazini bado wapo. Lutembe ni kaghuba kadogo, hekta 98 tu, ukilinganisha na Mabamba yenye hekta 2,424, yote mawili yaliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu za dunia, mwaka 2006. Lakini udogo usikudanganye. Membe mabawa-meupe wanakuja pale kwa wingi wa kutisha, hao wanazaliana kwenye vinamasi vya Ulaya mashariki na Asia huko, baridi ikianza wanashuka Afrika. Januari wanakuwa wamevaa nguo za kawaida, weupe na kijivu, ule weusi wao mzuri wa kuzalia unakuja wakikaribia kuondoka, kwahiyo mzee asitafute membe mweusi. Alafu kuna shakwe mgongo-mweusi, baadhi yao wanatoka mpaka Finland, wanavuka Sahara wanakuja kukaa ziwa Victoria. Yaani mzee wa Tanga anaweza kukaa na ndege wa Finland katikati ya Afrika, bahari iko mbali kabisa, na wote wanakula sami (vile vijidudu vya ziwani) na vidagaa.

Sasa hili ndilo nataka mzee aelewe kabla hajaja. Kule kwao saa ya kwenda kuangalia ndege inapangwa na maji, yakipwa ndege wanashuka kwenye matope kula, yakijaa wanapanda. Huku ziwani hakuna kupwa na kujaa kwa kuonekana. Saa inapangwa na jua na usingizi wa ndege. Mchana membe wametawanyika ziwani wanafuata wadudu, jioni wanarudi kulala pamoja. Kwahiyo Lutembe ni ya jioni, Mabamba ni ya asubuhi, hazigombani hata kidogo. Rudini Entebbe saa sita, kuleni, mzee anyooshe miguu, saa tisa na nusu mshike barabara ya Kampala, Lutembe iko njiani upande wa ziwa, mnatafuta mtumbwi mdogo, saa kumi na moja mko ndani. Kabla ya saa moja usiku muwe mmeshatoka majini, giza huku likishuka linashuka.

Nisifiche, hali ya pale inanikera. Ujenzi umesogea, mashamba ya maua yako juu yake kabisa, mafunjo yanakatwa. Mzee ataona mifuko ya plastiki pembeni, asifikiri tumempeleka jalalani.

kitooro_boy

Mpenda_membe uko sawa ila mimi na mzee wa magoti nisingemwingiza mtumbwini mara mbili siku moja. Mchana wampeleke bustani ya mimea Entebbe, ile ya tangu 1898, kuna kivuli, nyasi fupi, anatembea pole pole mpaka ziwani. Hondohondo, shorobo mkubwa wa bluu, furukombe, mbega juu ya miti, yote bila kupanda kitu.

mpenda_membe

Bustani nzuri, sikatai, lakini anaweza kufanya hiyo Jumapili asubuhi kabla ya kurudi Ntinda. Membe wale hawezi kuwakuta bustanini.

mkwe_wa_tanga

Banange asanteni! Nimemsomea mzee kwa simu, ile ya maji kupwa ikamnyamazisha, alafu akauliza kama hakuna maji kupwa vitwitwi wanakula wapi 😂 Nimeshindwa. Pia anauliza mafunjo yana ndege gani ambao hawezi kuwapata Tanga. Na kwenye mtumbwi anakaa wapi?

mpenda_membe

Mwambie vitwitwi wanakula kwenye matope ya pembeni na juu ya mimea inayoelea, maji yakishuka msimu wa kiangazi matope yanaongezeka. Wa mafunjo amtafute tiva wa mafunjo, kifua chekundu, mgongo mweusi, utosi wa njano, huyo haishi nje ya mafunjo. Atamsikia kabla ya kumwona, na kumwona kunaweza kuchukua asubuhi nzima. Atawakuta pia mdiria wa kila aina, na sile-maua wakitembea juu ya majani ya yungiyungi. Ile mbayuwayu ya bluu inayozaliana Kitulo kwenu huko Tanzania haitakuwepo, hiyo inakuja Mabamba kuanzia mwezi wa nne.

nnalongo_kasanje

Akae ubao wa katikati, sio wa mbele, mbele panacheza. Ombeni mtumbwi uvutwe ubavu kwenye gati ya mbao, vijana wawili wamshike mikono, mguu wa kwanza aweke katikati ya mtumbwi sio ukingoni. Jaketi la kuokolea avae kabla ya kuingia, akishakaa ndani na kofia na darubini shingoni kulivaa ni vita. Mto mdogo wa kukalia mtoke nao nyumbani, ubao ule ni mgumu. Chai na mandazi bebeni pia, kwenye mtumbwi hakuna duka na mzee akimpata bulwe hatakubali kurudi saa sita.

mkwe_wa_tanga

Mto nimeshautenga. Kitooro_boy niandikie inbox hiyo geshti isiyo na ngazi.