Naomba ushauri: mashine ya presha mtandaoni, nichague ipi?

Salamu wanangu na wazee wenzangu. Nina miaka 68, mstaafu, nipo Nyegezi, Mwanza. Daktari kaniambia nipime presha nyumbani asubuhi na jioni, niandike kwenye daftari. Mjukuu kaniingiza mtandaoni, tumekuta mashine chungu nzima, sasa kichwa kinaniuma kuliko hiyo presha.

Ya kwanza ni ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, elfu 45. Ya pili ni ya mkono wa juu, elfu 70, mkanda wake sentimita 22 hadi 32. Ya tatu inafanana na ya pili, ila mkanda ni 22 hadi 42, elfu 95. Nimejipima kwa futi kamba ya fundi cherehani: mkono wangu wa juu una mzunguko wa sentimita 35. (Ugali na sato si mchezo.) Nesi alishanieleza kuwa mkanda ukiwa mdogo, mashine inasoma presha juu kuliko ilivyo, na kwamba ya mkono wa juu inaaminika zaidi. Basi ya tatu ndiyo inanivuta, lakini ina maoni manne tu ya wanunuzi, yote nyota tano, yote ya wiki moja. Mnayaamini hayo?

Mwaka jana nilitanguliza pesa ya blenda, ikaja mbovu, muuzaji hakupokea simu tena. Safari hii nataka kulipa mzigo ukifika. Ukitoka Dar ukashushwa stendi hapa Nyegezi, huwa mnaruhusiwa kuufungua kabla ya kulipa?