Tupeane uzoefu: "Mapinduzi Halisi" ilikukuta wapi?

Mkanda Umekwama

Wakuu, salaam. Jumamosi nilikuwa Morogoro namsaidia mama kuhamisha vitu stoo, nikakuta kasha la kaseti halina kaseti ndani. Limebaki jalada tu, limepauka, kona moja imeliwa na mende. Albam ya rapa Professor Jay, Mapinduzi Halisi. Nikakaa juu ya gunia la mkaa kama dakika kumi hivi, mama ananiita siitiki.

Kwa wadogo zetu ambao 2003 walikuwa bado wananyonya: huyu bwana kabla ya kuwa Professor Jay aliitwa Nigga J, na walikuwa watatu, yeye na Fanani na Big Willy, kundi la Hard Blasters. Mwaka 2000 wakatoa Funga Kazi, ile yenye Chemsha Bongo. Mwaka uliofuata Jay akatoka peke yake na Machozi, Jasho na Damu. Halafu 2003 ndiyo ikaja hii.

Nina hoja moja na naomba mnisaidie kuipima. Mtu akitoka kundini, albam yake ya kwanza bado ina jasho la wenzake. Mashairi mengine yaliandikwa wakiwa wote, mashabiki wananunua kwa mapenzi ya zamani, na hata ikiwa mbaya tunamsamehe, tunasema ndiyo anajifunza kutembea. Ya pili hana pa kujificha. Kwa hiyo nikiulizwa Jay alihama lini kundini, sitajibu 2001, nitajibu 2003.

Mimi ilinikuta kidato cha pili. Nilitumwa mafuta ya taa na chupa ya lita moja, nikarudi na nusu chupa na kaseti mfukoni. Mama aliangalia chupa, akaniangalia mimi, akaniuliza: "Leo utasomea mwanga wa huyo?" Nilisoma gizani siku tatu. Haya, na nyie leteni yenu. Ilikukuta wapi, na uliiona kama albam ya mtu aliyesimama peke yake?

Konda Mstaafu

Mkuu umenigusa pabaya. Mimi nilikuwa konda, Mbagala–Kariakoo. Dereva wangu alikuwa na spika mbili kubwa chini ya siti ya nyuma, ukikaa pale mapafu yanacheza. Kaseti hiyo ilipigwa kuanzia alfajiri hadi tunafunga hesabu, ikiisha upande wa pili inageuzwa, hakuna kujadili.

Sasa mle kuna wimbo wa Zali la Mentali. Kijana choka mbaya, hana mbele wala nyuma, anapendwa na mtoto wa kitajiri. Sisi makonda tuliupokea kama wimbo wa taifa. Kulikuwa na dada mmoja wa ofisini, anapandia Mtoni kwa Aziz Ally kila asubuhi. Nikawa namwekea siti ya dirishani, naitandikia taulo langu watu wadhani ina mtu. Nikapanga na dereva: dada akiweka mguu tu mlangoni, sogeza mkanda mpaka kwenye Zali. Tulifanya hivyo wiki tatu. Siku moja akaniita kwa sauti laini kabisa, "Samahani kaka." Moyo ukaruka. "Ile chenji yangu ya Jumatano utanipa lini?"

Dereva alicheka mpaka Kariakoo. Chenji nilitoa.

Kuhusu hoja yako, mimi sikuwahi kufikiria kundi wala nini. Abiria waliofika na kukataa kushuka mpaka wimbo uishe, hao ndio kipimo changu.

Bibi Daftari

Mimi nilikuwa bweni, Iringa, na redio zilikuwa marufuku. Mpishi wa shule alikuwa na redio ndogo ya betri jikoni, basi tukawa tunajitolea kuosha masufuria. Walimu wakatusifu kwa moyo wa kujituma, hata mbele ya paredi tulitajwa. Kumbe tunaosha sufuria moja nusu saa ili tupate beti mbili.

Nilikuwa na kaunta buku nzima ya mistari. Unasikia leo mistari minne, unaandika, unaacha nafasi, unasubiri wimbo upigwe tena keshokutwa ujaze. Kuna nafasi nyingine zilikaa wazi muhula mzima. Sasa aibu yangu ni hii: jina la wimbo nilikuwa nimelisikia tu, sijaliona limeandikwa. Nikaamini Mentali ni mtu. Mvulana anaitwa Mentali, na zali ni lake. Nikawaandikia hivyo wenzangu wote walionakili kwangu, na bweni zima likawa linamuonea wivu Mentali. Tuliporudi likizo ndipo kaka yangu akanifungua macho, na alinicheka mbele ya wageni.

Leo hii mtu akipata bahati ya ghafla, hata mtangazaji wa mpira anasema "zali la mentali" na kila mtu anaelewa. Mimi bado namuona yule mvulana.

Mzee wa Mikanda

Nimesoma nimecheka, lakini mimi nitaleta ya upande wa pili, upande wa waliobaki kundini. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Tulikuwa watatu, Mwanza. Jina la kundi sitaji, wachache mnaotujua mtajijua. Mimi nilikuwa naandika, mmoja alikuwa na sauti, mmoja alikuwa na nguo nzuri na mdomo wa kutuombea nafasi ya kupanda jukwaani. Mwenye sauti akatoka. Hatukugombana, alikuja nyumbani kabisa akaniambia, kaka, nimepata studio Dar, wananitaka mimi tu. Nilimpa nauli.

Albam yake ya kwanza niliisikia kwenye mgahawa. Ubeti wa pili wa wimbo wa kwanza ulikuwa wangu, neno kwa neno, tena alinitaja mwishoni kwenye salamu. Sikukasirika sana. Ndiyo maana naikubali hoja ya mwenye uzi: ile ya kwanza ilikuwa yetu, yeye alitupelekea tu.

Ya pili ndiyo ilimmaliza. Alinipigia usiku mmoja, wakati huo dakika ya simu ni pesa ya mtu, akanisomea ubeti mzima. Ulikuwa mbovu. Nikanyamaza. Akasema, "Unaona? Huku kila mtu ananiambia mkali." Tulipokuwa watatu, mstari mbovu haukuvuka mlango. Mmoja alikuwa anacheka, mwingine anauliza una maana gani, unaukata hapo hapo. Peke yako unamlipia mtu wa studio kwa saa, na anayelipwa kwa saa hakuambii rudi nyumbani ukaandike upya.

Halafu biashara yenyewe. Mnaokumbuka Kariakoo mnajua: unabeba albam yako iliyokamilika kwa msambazaji, anasikiliza nyimbo mbili, anataja pesa ya mkupuo, unasaini. Baada ya hapo kaseti zinatoka ngapi, zimefika Kigoma ngapi, huna pa kuulizia. Ukiwa na kundi mnaenda watatu, mmoja anasoma karatasi, mmoja anabisha bei. Jamaa alienda peke yake. Alilipwa nusu ya fedha, nusu nyingine akapewa kaseti zake mwenyewe kwenye boksi. Nilimsaidia kuziuza stendi. Tulikaa na boksi lile tukiwa wawili kama zamani, na yule wa nguo nzuri naye akaja jioni akatuletea chai.

Sasa rudi kwa Jay. Mapinduzi Halisi ilipotoka niliisikiliza kwa wivu, nikitafuta mahali pengo la Fanani na Big Willy linaonekana. Nikakuta amefanya jambo la akili. Sauti ya Jay ni nzito, anatamka kila neno kama mtu aliye kwenye jukwaa la mkutano. Ukimsikiliza kaseti nzima akiwa pekee unachoka, hilo hata yeye nadhani alilijua. Kwenye Zali akampa kiitikio Juma Nature wa Temeke, mtu ambaye sauti yake inalia hata akiwa anafurahi. Chini yao mdundo wa mtayarishaji P-Funk pale studio ya Bongo Records, haujazi kila nafasi, unawaachia pumzi. Alichokosa kwa kuacha kundi alikiazima kwa wimbo mmoja, akakirudisha. Mwenzangu hakuwa na wa kumuazima.

Mbishi wa Tabata

Mzee pole sana, uzi ungeishia hapo ungetosha. Lakini mimi nakuja kuharibu shughuli. Machozi, Jasho na Damu ni kubwa kuliko Mapinduzi Halisi. Mna Ndio Mzee mle! Mwanasiasa anamwaga ahadi zisizoshikika, umati unaitikia, na wimbo unavyokwenda unagundua umati ni wewe. Kwenye ya pili nionyesheni kitu cha uzito huo. Zali ni hadithi tamu, ni ndoto ya kila kapuku, basi.

Mkanda Umekwama

Mbishi, uzito sikatai. Ila Ndio Mzee aliitoa bado watu wanamuita Jay wa Hard Blasters. Zali la Mentali ilipigwa na watu ambao Hard Blasters hawakuwahi kuisikia. Mama yangu mmojawapo, pamoja na mafuta yake ya taa.

Mtoto wa Kilosa

Kwa kuwa Ndio Mzee imetajwa. 2015 Jay aligombea ubunge jimbo letu la Mikumi kwa tiketi ya Chadema na akashinda, akakaa hadi 2020. Mimi nilihudhuria mkutano mmoja wa kampeni. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na baiskeli yake. Kila ahadi ikitoka jukwaani, barabara, maji, yeye anajibu kwa sauti ya chini, "Ndio mzee," halafu anacheka peke yake. Nikamuuliza, babu, utampa kura? Akanijibu, "Nitampa. Huyu angalau anajua naitikiaje."

Chumba cha Santuri

Naongeza kidogo tu kwa wapenzi wa mambele, maana hoja ya mwenye uzi inafanya kazi hata huko. Ice Cube aliyetoka kundi la rap la N.W.A la Marekani, albam ya pili yake ni Death Certificate, 1991. Dr. Dre wa kundi hilo hilo, ya kwanza The Chronic ni ya 1992, na ya pili, inayoitwa 2001, akaitoa mwaka 1999, miaka saba alikuwa anajiuliza. Ghostface Killah wa kundi la Wu-Tang, ya pili ni Supreme Clientele, 2000, na kwangu mimi hiyo inaishinda ya kwanza kwa mbali. Dre ukimsikiliza kwenye 2001 utaona kafanya kama Jay, kajaza nyumba wageni. Ghostface kafanya kinyume, kajifungia kwenye lugha yake hadi hata Mmarekani anahitaji mkalimani.

Pwani Sauti

Mombasa hapa. Sisi wakati huo tulikuwa na Kalamashaka, vijana wa Dandora, na tulijiona wakubwa wa rap ya Kiswahili. Kaseti za Bongo zikaja na mabasi kutoka Tanga. Nakumbuka rafiki yangu alikasirika kwamba anaelewa kila neno la Jay ilhali ya Nairobi anahitaji kuuliza. Sina la zaidi, endeleeni.

Mama Kaseti

Nimechelewa, jamani, lakini yangu ni ya pekee. Mapinduzi Halisi ninayoijua mimi ina kwaya ndani yake.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya kigangoni kwetu, Bukoba. Bongo Fleva yote kwake ilikuwa uhuni. Kaka yangu akaja na kaseti hiyo kutoka Dar, akaificha kwenye kopo la unga. Baba akaiona. Hakupiga mtu, hakuivunja, maana baba hakutupa kitu chenye kazi. Wakongwe mnakumbuka kaseti za dukani zilivunjwa vile vibao viwili vya juu ili usirekodi juu yake? Baba akaziba matundu na karatasi na gundi, akaenda nayo mazoezini Jumamosi, akarekodi kwaya yake upande B.

Ila kumbe alianza kurekodi katikati ya mkanda. Kwa hiyo ukiweka upande B, Jay anachana vizuri tu, anafika mahali anavuta pumzi, mara "tak!" na sauti ya baba: "Sauti ya pili, mmeshuka. Tena." Halafu soprano wote. Tulikua tunaijua albam hivyo. Miaka mingi baadaye nilisikia wimbo ule wote kwenye basi, ulipofika pale nikasubiri soprano. Ikaja mistari mingine ambayo sikuwahi kuijua, nikaona kama wameuharibu.

Baba mwenyewe alikuwa akiisikiliza kukagua kwaya, na kwa kuwa hakutaka kusumbuka kutafuta mwanzo wa sehemu yake, alianzia mwanzo wa upande. Mwishowe tukawa tunamsikia bafuni. Siwaambii alikuwa anaimba sehemu ipi.

Mkanda Umekwama

Dada, naomba nikuulize. Hiyo kaseti bado unayo? Ina kasha?

Mama Kaseti

Ninayo. Kasha lilipotea zamani, naihifadhi kwenye soksi.

Mkanda Umekwama

Mimi nina jalada na kasha. Kwa basi inafika Bukoba siku mbili.

Mama Kaseti

Tuma kaka. Ila gharama ya mzigo juu yako, na ukija kuidai kaseti tutaonana kigangoni.